Mpwa Wangu Alipokewa Kinyume cha Matayarisho

Likasi, mtaa wa Panda, tarehe 14 Oktoba 1995

Kwa Bwana Mkuu wa Taasisi ya Juu ya Maji na Udongo,
Lubumbashi

Bwana Mkuu mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili na mwenye heshima zote, lakini moyo wangu umekwaruzwa. Mimi ni Séraphin Kaumba, msomaji wa matangazo katika parokia yetu hapa Panda, na ni mjomba wa binti Marlène Ngoie ambaye mwezi uliopita mlimpokea katika taasisi yenu. Ninaomba, kwa unyenyekevu wote, mumfukuze.

Tafadhali usitupe barua. Marlène ni mtoto wa dada yangu na ninampenda kuliko macho yangu. Nataka afukuzwe kwa muda mfupi tu, ili aitwe tena kwenye mahojiano na apokewe vizuri, kwa njia halali, kama tulivyojitayarisha. Jinsi mlivyompokea ninyi si kupokea. Ni ajali.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, ni lazima ujue mimi ni mtu gani katika mambo ya mahojiano. Nimehojiwa na kampuni ya shaba. Nimehojiwa na watu wa reli, na Mgiriki mwenye duka la mikate, na mapadri wa seminari. Hakuna aliyenichukua. Wasio na akili huona hiyo ni aibu. Mimi naona ni masomo. Mtu aliyechukuliwa mara ya kwanza ameona mahojiano mara moja tu maishani, atajua nini?

Ndiyo maana dada yangu mkubwa Philomène, habari ilipofika kwamba Marlène ameitwa kuhojiwa Lubumbashi, hakumwendea mwalimu. Alinijia mimi. Alinikuta ninanyoa ndevu, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Séraphin,” aliniambia, “mutoto anaitwa kule, bataenda kumuuliza maulizo. Akikosa, nitamufanya nini? Masomo ya hapa imekwisha. Kazi haiko. Ataenda Kambove kuchimba pamoja na kaka yake. Minye sitaki mutoto mwengine aingie mu shimo.”

Bwana Mkuu, dada yangu si mtu wa kulia. Siku ile alishika fremu ya mlango kana kwamba nyumba ingemkimbia. Mume wake, shemeji Lambert, bado anakwenda kiwandani kila asubuhi ingawa mashine zimelala. Anasema hataki zijisikie peke yake. Msaada ulikuwa mimi tu. Nikafuta sabuni shavuni, nikamwambia, “Yaya, uniachie. Nitamutuliza mutoto mpaka atasahau kuogopa ni nini.”

Njia yangu ni rahisi. Utulivu hauji kwa kubembelezwa. Unakuja kwa kushtushwa mara nyingi mpaka mwili wenyewe uchoke kushtuka. Kwa hiyo Marlène alipokuwa akimenya mihogo, nilikuwa nikiruka kutoka nyuma ya mlango na kupiga kelele, “Mademoiselle! Eleza nia yako!” Alipokuwa akisonga bukari, ugali wetu, niligonga mfuniko wa sufuria karibu na sikio lake na kumuuliza juu ya mvua. Hata kanisani sikupumzika. Wakati wa ukimya baada ya komunyo niliinama nikamnong’oneza, “Kasoro yako kubwa ni ipi?” Mama mmoja wa benchi la mbele alidhani ni dhamiri yake inayosema, akaanza kulia, akataja mambo ambayo jirani zake hawakuyajua.

Marlène hakushtuka hata siku moja. Alicheka, akaendelea kumenya. Niliuona huo kuwa ushindi wa njia yangu.

Kisha nikamtafutia profesa wa mazoezi. Jirani yetu Georges, fundi wa kuchomelea vyuma, alivaa koti lake la arusi na miwani isiyo na vioo, akaketi mezani kwa dada yangu. Nilimwomba awe mkali. Marlène hata hakuwa amekaa, Georges akasema, “Tumekataa.” Nikamwambia, “Bwana Georges, uliza kwanza.” Akasema, “Tumekataa na weye.” Philomène akamletea chai, akaikataa chai, akamkataa na aliyeileta. Jioni alirudi kwake bado amevaa koti, akakataa chakula, na mpaka leo mke wake hajui kama amepokewa nyumbani mwake.

Kwa Marlène nilitoa amri tatu. Mosi, usimtazame mhojaji machoni, tazama paji la uso wake. Pili, vuta pumzi kwa pua na uishike mpaka umalize Salamu Maria nzima moyoni. (Nilipoonyesha mfano, sala ilikuwa bado nusu nilipojikuta nimekaa ndani ya beseni la nguo.) Tatu, usiseme kamwe kwamba hujui. Usipojua, sema: “Swali lako, Bwana Profesa, lina pande mbili.” Hakuna swali duniani lisilo na pande mbili, na mhojaji ataona aibu kuuliza ni zipi.

Hayo ndiyo matayarisho. Sasa malalamiko, kwa mpangilio.

Lalamiko la kwanza ni juu ya mlinzi wenu. Wiki ile treni haikutembea, kwa hiyo tulisafiri juu ya lori la makaa. Marlène ni mwerevu, alifunga blauzi yake nyeupe ndani ya plastiki na kuivaa baada ya kushuka. Mimi nilitaka kufika nikiwa mtu wa heshima, kwa hiyo nilivaa suti yangu ya rangi ya maziwa tangu nyumbani, na kukaa juu ya magunia njia yote. Mbele ya lango lenu nilimuuliza, “Unaogopa?”

“Kidogo, Tonton. Na weye?”

“Minye? Minye hapana,” nikamjibu, nikashika lango kwa mikono miwili.

Mlinzi akamruhusu Marlène apite. Mimi akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, “Makala inapita kule nyuma, kwa jikoni.” Alinidhania mleta makaa. Nikamweleza kwamba mimi ni mshauri wa mahojiano. Akanijibu kwa adabu kubwa, “Ndiyo, Papa. Kwa jikoni.” Nikaenda. Wapishi wenu walinipokea kwa nderemo, maana walikuwa wanasubiri makaa kwa hamu, na walipogundua kwamba sikuleta ila yale niliyovaa, furaha yao ilikwisha vibaya. Nikatoka kwa mlango wa pili, nikafuata ukuta, nikasikia sauti ya mpwa wangu.

Lalamiko la pili ni fupi. Dirisha la chumba cha mahojiano halina kioo. Lingekuwa na kioo nisingesikia, na nisingesikia tusingekuwa na barua hii.

Lalamiko la tatu ni juu ya yaliyotokea humo, na hapa ninaomba uvumilivu wako, kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwepo. Ulikaa katikati. Kushoto kwako alikuwa Mama Profesa Clotilde. Kulia kwako alikuwa profesa mmoja ambaye kidevu chake kilikuwa kimelala juu ya tai, na yeye pamoja nacho. Simlaumu. Joto lilikuwa kali na watoto waliosubiri nje walikuwa wengi.

Mama Clotilde akamuuliza Marlène kwa nini anataka kujifunza mambo ya maji. Chini ya dirisha nilitabasamu. Swali hilo tulilijua. Jibu lake ni: “Tangu utoto wangu nimevutiwa na siri za maumbile.” Georges alilikataa jibu hilo kwa shida zaidi kuliko mengine yote, kwa hiyo lilikuwa bora.

Lakini nikasikia Marlène akisema, kwa sauti ile ile anayotumia jikoni, “Kwetu Panda, zamani ulikuwa unafungua robine mayi inatoka. Sasa unafungua, inakohoa tu. Mama anabeba ndoo toka mbali, mugongo inamuuma. Nilitaka kujua mayi ilienda wapi.”

Mgongo wa mama! Robine inayokohoa! Mbele ya maprofesa! Nikavuta pumzi ili nitulie kwa niaba yetu sote wawili. Nikaishika. Salamu Maria ikaanza, ukuta ukaanza kuzunguka, na kabla ya Amina nilijikuta nimesimama, kichwa na mabega ndani ya chumba chenu, ninapiga kelele kwa nguvu zote za msomaji wa matangazo: “SIRI ZA MAUMBILE!”

Mengine unayajua. Mama Clotilde alipiga yowe na kalamu yake ikaruka. Profesa aliyelala aliamka akaingia chini ya meza moja kwa moja, kama mtu anayeijua njia. Wewe, Bwana Mkuu, ulisimama ukafanya ishara ya msalaba, na ninakuelewa, kwa kuwa mtu mweusi kwa masizi toka nywele mpaka kiuno, mwenye macho mawili tu, si jambo la kuonekana dirishani mchana. Katika chumba kizima ni mtu mmoja tu aliyebaki amekaa, mikono juu ya magoti.

Ukaniuliza, “Weye ni nani?”

Hapo nikaona nilichofanya. Nikaona dada yangu amesimama mlangoni. Nikasema, “Minye ni wa makala.”

Mlinzi akawa amefika nyuma yangu na kunishika kola. Ndipo ukageuka kwa Marlène ukamuuliza, “Mademoiselle, unamujua huyu muntu?”

Swali hilo, Bwana Mkuu, halikuwemo. Hatukulifanyia mazoezi kwa sababu hakuna mtu mwenye akili angeliwaza. Nilimpa ishara kwa macho, kwa nyusi, kwa kichwa chote kilichokuwa ndani ya dirisha lenu: kataa, mutoto, kataa. Neno moja tu, na mimi ningepelekwa zangu jikoni na yeye angeendelea na maisha yake. Sijawahi kuomba kitu kwa nguvu namna ile, hata seminarini.

Marlène akasimama. Akasema, “Namujua, Monsieur le Président. Ni mujomba wangu. Mwezi muzima ananifundisha kutulia. Yeye mwenyewe bado.” Kisha akamwambia mlinzi, “Papa, umuachilie pole pole. Hajakula toka jana.”

Mkacheka. Mama Clotilde alicheka mpaka akavua miwani. Chini ya meza pia kulisikika kicheko. Mimi sikucheka. Masizi yalinisaidia kuficha uso, lakini nilipofika kwa kioo cha choo chenu baadaye niliona mistari miwili myeupe kutoka machoni hadi kidevuni. Hilo siliweki katika malalamiko.

Lalamiko la nne: mliniingiza ndani, mkanipa kiti, na Mama Clotilde akaniuliza kwa sauti nzuri, “Na weye, Papa, ulitaka kujifunza nini?”

Nimelisubiri swali hilo tangu ujana wangu. Majibu ninayo mengi, na matatu kati yake yana maneno ya Kilatini. Nikatazama paji lako la uso kama sheria inavyosema, lakini paji lako ni pana, Bwana Mkuu, nikapotea humo. Jina langu likaniponyoka. Nikasema, “Lina pande mbili.”

“Nini iko na pande mbili?” akauliza Mama.

Nikafikiri sana. “Minye,” nikasema.

Marlène akanichotea maji kwenye ndoo iliyokuwa pembeni, akanishikia kikombe. “Tonton, kunywa kwanza.” Nikanywa. Jina langu likarudi. Naripoti jambo hilo bila kutoa maoni.

Lalamiko la tano ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Uliponiona nimetulia, ulimwonyesha Marlène robine iliyoko pembeni mwa chumba, juu ya ile ndoo, ukamuuliza kwa nini nayo haitoi kitu. Nilimtazama. Pande mbili, nikamwambia kwa macho. Pande mbili!

“Sijue,” akasema.

Nikafunga macho.

“Sijue, Monsieur le Président. Njo nilikuya kujifunza.”

Na wewe, mkuu wa taasisi nzima, mtu wa vitabu, ukamshukuru mtu anayesema amekuja kwa kuwa hajui! Ukaandika kitu, ukampa mkono, na mimi pia ukanipa mkono ingawa uliuchafua wako. Baada ya majuma machache dereva wa lori lile lile la makaa akaja akipiga honi tangu barabara kuu: jina la Marlène limesomwa kati ya waliopokewa.

Sasa tazama matunda ya kazi yako. Dada yangu alicheza barabarani na mfuniko wa sufuria mkononi, mtu ambaye nilidhani mgongo haumruhusu. Shemeji Lambert alitoka kiwandani kabla ya saa, mara ya kwanza maishani, akatafuta mtu wa kumwomba ruhusa na hakumpata. Akina mama wa avenyu yetu waliimba mpaka sauti zikawakauka. Lakini kila mtu anayekuja kwangu anauliza, “Bwana Séraphin, mutoto alijibu nini?” Nami, kwa kuwa ninasoma matangazo mbele ya altare kila Jumapili na siwezi kusema uongo, ninajibu: “Alisema hajui.”

Bwana Mkuu, limeenea kama homa! Vijana wote wa Panda sasa hawajui kitu, na wanajivuna. Padri aliuliza darasa la katekisimu ni nani aliyeumba dunia, mtoto mmoja akasimama wima, akatazama mbele, akasema, “Sijue, mon Père. Njo nilikuya kujifunza.” Darasa zima likampigia makofi. Padri akaja kwangu amekunja uso. Mke wa Georges alipomuuliza mumewe kama atakula, alijibu kwamba hilo nalo hajui. Hata shemeji Lambert, mtu wa makini, aliulizwa mashine zitaamka lini. Badala ya kusema “karibuni” kama alivyosema miaka yote, alisema hajui, na akaonekana mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Mji hauwezi kuendeshwa hivi. Kwa sababu hizo ninaomba yafuatayo. Kupokewa kwa Marlène kufutwe. Kioo kiwekwe dirishani. Aitwe upya, aulizwe maswali tuliyoyatayarisha, na atetemeke kidogo mwanzoni ili watu waone utulivu wake umetoka wapi. Na kwa kuwa katika chumba kile ni mtahiniwa peke yake aliyebaki kwenye kiti chake, ni haki maprofesa wote watatu nao wahojiwe tena, hasa yule wa chini ya meza. Georges yuko tayari kuongoza kikao. Koti analo. Nina wajibu wa kukujulisha kwamba ameshawakataa.

Nikitumaini utalipokea ombi hili kwa moyo ule ule uliompokea nao mpwa wangu, lakini kwa utaratibu zaidi, ninakuinamia kwa heshima. Umsalimie Mama Profesa Clotilde na macho yake mazuri. Umsalimie profesa wa kulia kwako, popote atakapokuwa amekaa. Msalimie mlinzi, umwambie suti imetakata isipokuwa mgongoni. Wapishi nao wasalimie, na wanisamehe kama nilivyowasamehe. Dada yangu Philomène anakusalimu kwa mikono miwili, shemeji Lambert anakusalimu, avenyu nzima inakusalimu.

Wako mtiifu katika malalamiko,

Séraphin Kaumba
Mshauri wa mahojiano

N.B. Ninaongeza haya nikiwa kwenye stesheni, nimeweka karatasi juu ya goti. Leo treni imetembea, na Marlène alipaswa kukuletea barua hii mwenyewe, bila kujua imeandikwa nini. Tulipofika kwenye behewa alinishika mkono wa koti, akawa hataki kuuachia. Yeye! Akasema, “Tonton, kule sijue muntu hata mumoja. Na kama naenda kukosa?” Nilitafuta amri zangu, mosi, pili, tatu, sikuiona hata moja. Nikamwambia, “Ukikosa, sema umekosa. Ile haujue, uliza. Bale bantu ni bazuri.” Akanikumbatia mbele ya watu wote, akapanda. Filimbi ikalia, mimi nikakimbia kando ya behewa nikipunga mkono mpaka saruji ya stesheni ikaniishia, na ndipo nilipoisikia barua hii ikikwaruza ndani ya mfuko wangu.

Ninampa dereva wa lori aifikishe, kwa ajili ya zile salamu. Mengine uyasome haraka.

Treni imeondoka, Bwana Mkuu. Msimrudishe.